Mapacha wa Miezi Minne

Wifi yangu si mwoga. Naanza na hilo kwa sababu nitakayoyasimulia yatamfanya aonekane mwoga, na mimi sitaki mtu amfikirie hivyo. Alivuka mpaka peke yake na watoto watatu, masanduku na godoro lililofungwa kamba, na askari alipomwambia afungue godoro alimjibu, "Nitalifungua, lakini kulifunga utalifunga wewe." Askari akacheka, akampisha. Huyo ndiye mke wa kaka yangu, na kwa mdomo tumekutana.

Kaka mwenyewe ni dereva wa malori. Alitangulia kuja huku, akapata karatasi zake na namba yake, ndipo akatuma nauli familia ifuate. Lakini leo yuko nyumbani, kesho yuko njiani, kwa hiyo shughuli ya kuwaandikisha mkewe na watoto ilituangukia sisi wawili. Mimi nimekaa huku miaka mingi. Nasuka nywele kwenye chumba cha mbele cha nyumba yangu, na lugha ya huku naijua mpaka matusi yake. Wifi alipata kibarua cha kupiga pasi kwa dobi mmoja anayefua mashuka na mashati ya hoteli. Ukimwona kazini utapenda. Anaanza na kola, anakuja mabegani, mikono, kifua mwisho, na shati linatoka limenyooka mpaka mwenye nalo anaona haya kulivaa. Ila tajiri yake alishamwambia kwamba bila namba ya utambulisho hawezi kumwajiri rasmi. Huku kila mlango unaulizia namba. Shule namba, kliniki namba, laini ya simu namba. Hata kwenye hiyo ofisi ya namba unachukua kwanza kikaratasi chenye namba, ili uitwe ukaombe namba.

Siku ya kwanza tulienda tukicheka. Kwa kuwa wifi alikuwa hajaijua lugha, afisa wa dirishani alimpigia mkalimani, sauti ikatoka kwenye simu iliyolazwa mezani. Mimi nilikatazwa kutafsiri, eti jamaa hatafsirii jamaa.

"Una watoto wangapi?" sauti ikauliza.

"Watatu."

"Wote wako?"

"Kwani nimewaiba?" wifi akasema, akacheka, na mkalimani naye akacheka. Afisa akaandika alichoandika. Wakachukua alama za vidole, wakampiga picha amekodoa macho, tukaambiwa tusubiri ujumbe.

Hapo hapakuwa na uongo, jamani, nawaapia. Watoto wawili, msichana mkubwa na mvulana anayemfuata, wifi aliwazaa mwenyewe. Wa tatu, tunayemwita Chiriku kwa sababu ya mdomo wake, ni wa dada yake mkubwa, marehemu. Dada mtu alifariki Chiriku akiwa mchanga hata shingo haijakaza, na wakati huo wifi alikuwa ananyonyesha mvulana wake, aliyemtangulia Chiriku kwa miezi minne. Akampokea. Titi hili la huyu, titi hili la yule, na wakichoka kunyonya wanavutana nywele hapo hapo kifuani. Mtaa mzima ukawaita mapacha. Kwetu sisi hilo halina mjadala: mtoto wa dada yako ni mtoto wako, nawe ni mama yake mdogo. Ukiulizwa una watoto wangapi ukamwacha huyo nje, watu watashangaa una roho ya namna gani.

Ila kuna kitu kimoja wifi alikikataa katakata. Hakutaka Chiriku amwite mama. "Mama yake yupo, amelala tu," alikuwa akisema. "Nikiitwa mimi mama, dada yangu ataitwa na nani?" Basi Chiriku akakua akimwita mamdogo, na kila alipouliza habari za mama yake alisimuliwa: alivyocheka akishika mbavu, alivyopenda ndimu kwa chumvi, alivyokuwa hawezi kunyamaza kama yeye. Mtoto alijivunia kuwa na mama wawili. Aliwaringia wenzake.

Ujumbe ulikuja kwenye simu yangu kwa sababu wifi alikuwa hana laini. Nilikuwa katikati ya kichwa cha mteja. Nikamsomea wifi: kuna jambo kwenye tarehe za kuzaliwa za watoto, mwombaji afike na watoto wote, na watahojiwa mmoja mmoja.

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena. Akaketi, akaanza kuhesabu kwa vidole, halafu akaniangalia kwa jicho ambalo sijawahi kuliona kwake.

"Wifi. Mvulana na Chiriku wamepishana miezi minne."

"Ndiyo."

"Na kwa maelezo yao wote nimewazaa mimi."

Nilicheka mpaka kitana kikaniponyoka. Fikiria mwenyewe, mwanamke amezaa, amepumzika miezi minne, amezaa tena! Mteja akacheka pia. Wifi hakucheka. Aliinuka akaenda kumtafuta Chiriku uani, akamshika mkono, akamwingiza ndani mchana kweupe.

Labda ingeishia hapo, lakini kazini kwao kuna mkunja mashuka mmoja tunayemwita Redio, maana hazimwi. Wifi alimwomba ushauri. Kati ya watu wote duniani, Redio! Naye, huku akikunja shuka, akamwambia kwamba wakigundua mtoto si wako wanamchukua papo hapo, anapelekwa makao ya watoto, na wewe unafunguliwa kesi ya kuiba mtoto.

"Uliona wapi?" wifi akauliza.

"Nilisikia."

Siku hiyo wifi yangu aliunguza shati. Tangu nimjue hajawahi. Alisahau pasi mgongoni mwa shati jeupe la watu mpaka moshi ukapanda, na tajiri akafoka mbele ya wote, na yeye akasimama pale bila kujitetea hata kwa neno moja.

Tangu hapo hofu ikahamia nyumbani. Chakula hakikushuka. Mlango wa mbele ukigongwa, na kwangu hugongwa kutwa nzima kwa sababu ndiyo biashara, wifi ananyakua mkono wa Chiriku na kukimbilia nyuma. Mara moja niliwakuta wamejibanza nyuma ya pazia la jikoni, amemziba mtoto mdomo kwa kiganja, na aliyegonga alikuwa mama mmoja amekuja kufumuliwa nywele. Mimi pia niliogopa, nisijifanye shujaa. Nikaanza kuchungulia dirishani kabla ya kusema karibu.

Tulimpigia kaka. Alikuwa barabarani huko mbali, mngurumo mtupu. "Nyinyi si mpo huko? Mtajua wenyewe la kufanya," akasema. Wanaume hao.

Siku moja kabla ya mahojiano, mchana, niliketi kumsuka Chiriku ili aende ofisini kichwa kikiwa kimetulia. Yeye yuko chini kwenye mkeka, kichwa kati ya magoti yangu. Wifi akaja akachuchumaa mbele yake.

"Mimi ni nani yako?" akamuuliza.

"Mamdogo."

"Hapana. Mimi ni nani yako?"

"Mamdogo wangu," akasema Chiriku, akitabasamu, akidhani ni mchezo.

"Mama! Sema mama. Ukiulizwa kesho, sema huyu ni mama, ndiye amenizaa."

Chiriku akageuza shingo kuniangalia, nywele zikaniponyoka. "Shangazi, kwani mamdogo anaumwa?"

"Tulia nisuke," nikasema.

"Na mama yangu yule?" akauliza.

"Yule usimtaje," wifi akasema.

"Hata wakiniuliza?"

"Hata wakikuuliza. Ukimtaja watakuchukua. Hutaniona tena. Umenisikia? Hutaniona tena."

Nikasimamisha vidole. "Wifi, koma! Unamtisha mtoto hivyo kwa sababu ya maneno ya Redio? Kesho nenda kawaambie ukweli, yaishe."

"Ukweli niuseme kwa neno gani?" akanigeukia. "Wewe si ndiye unayejua lugha yao mpaka matusi? Hebu nitajie, mama mdogo wanamwitaje?"

Nikalitafuta hilo neno, sikulipata. Kwa sababu ni kweli, hawana. Wana neno moja tu, na humo humo wamemtia shangazi, mama mdogo, mama mkubwa, mke wa mjomba, na hata jirani yeyote mwenye umri mkubwa mkubwa. Kapu moja.

"Umeona?" wifi akasema. "Nikilitamka hilo wanasikia mtu baki. Mtu baki haachiwi mtoto." Akakaa chini kabisa, akashika kichwa. "Naogopa, wifi yangu. Naogopa mpaka meno yanauma. Nilimwahidi dada yangu mkono wake ukiwa mkononi mwangu. Wakimchukua huyu mtoto nitakufa, na huko niendako sitakuwa na uso wa kumwonyesha."

Mara nikasikia sauti ndogo kutoka kati ya magoti yangu.

"Mama," Chiriku akasema. Kisha tena, kwa sauti zaidi, kama anayeonja chumvi kwenye chakula: "Mama. Ndiye amenizaa."

Hakuna aliyemfundisha zaidi. Alijifundisha mwenyewe, jioni yote, akifagia, akiosha miguu. Tulimsikia akijiuliza na kujijibu. Mvulana, pacha wake, alimcheka akamwambia mamdogo si mama, akapigwa ngumi ya tumbo ambayo hakuitarajia.

Ofisi ile viti vyake vimepigiliwa sakafuni kwa misumari, utadhani kuna mtu angeviiba. Tulikaa wote watano safu moja. Wifi alikuwa amevaa gauni lake la heshima, amelipiga pasi mwenyewe, na kwapani lilikuwa tayari limelowa. Kila namba ilipotokea kwenye kioo cha ukutani alikuwa ananifinya paja, nami nikawa namwambia bado, bado, mpaka ikawa si bado tena.

Afisa alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Aliita watoto kwanza. Msichana mkubwa akaingia, akatoka. Mvulana akaingia, akatoka. Walikuwa wakitolewa kwa mlango wa upande ule mwingine, wakakalishwa huko mbali na sisi, tusisemezane. Halafu akaitwa Chiriku.

Chumba kilikuwa na ukuta wa kioo. Unaona kila kitu, husikii kitu. Tulimwona amepanda kiti, miguu haifiki chini, simu ya mkalimani mbele yake. Wifi akasimama, akasogea mpaka pumzi yake ikaweka ukungu kwenye kioo. Alikuwa anasoma midomo. Lakini niambie, utasomaje? Mama na mamdogo yote yanaanza kwa kufumba na kufumbua. Tuliona midomo ya mtoto imefumba, imefumbuka, imefumba tena, kisha akageukia simu na kisogo kikawa kwetu, misuko yangu yote nane ikituangalia.

"Amesemaje?" wifi akaninong'oneza. "Wifi, amesemaje?"

"Sijui."

Afisa aliuliza tena, tukaona. Mtoto akajibu. Akauliza tena. Mtoto alijibu akikunja ngumi mapajani. Kisha akatolewa kwa mlango ule mwingine, hakutuangalia, na afisa akamwashiria wifi aingie. Mimi niliruhusiwa kumsindikiza kwa sharti nisifungue mdomo. Mimi!

Sauti ya mkalimani ilikuwa ya mzee mpole. "Shikamoo" ya wifi ilitoka kwa kukwaruza, akaijibu vizuri. Afisa akauliza, nami nikalielewa swali kabla halijatafsiriwa.

"Anauliza," mzee akasema, "huyu mtoto wa mwisho, wewe ni mama yake?"

"Ndiyo. Ni mama yake."

"Mama aliyemzaa?"

Wifi akaitazama simu. Alikuwa amekwama, nami nilimwona amekwama. Hakujua mtoto amesema nini mle ndani. Kama Chiriku amesahau akasema mamdogo, basi wifi akisema amemzaa ni mwongo mbele ya serikali. Kama Chiriku amesema mama, basi wifi akisema kweli amemfanya mtoto kuwa mwongo. Baadaye aliniambia hesabu aliyoipiga akiwa pale kitini: mtoto akionekana mwongo hafungwi, lakini mtu mzima akionekana mwongo ananyang'anywa mtoto.

"Aliyemzaa ni dada yangu," akasema. "Amefariki. Mimi ni mama yake mdogo."

Mzee wa simu akatafsiri, akatumia neno lile la kapu. Masikio yangu yalilisikia, na sharti au si sharti, nikaropoka kwa lugha yao, "Siyo! Hiyo ni mimi! Mimi ndiye shangazi! Huyu amemnyonyesha!" Afisa akainua kidole, nikajiziba mdomo. Lakini mzee akakohoa, akasema anaomba nafasi aeleze, na akaeleza kwa urefu, polepole, mama mdogo ni nani kwetu. Alieleza vizuri. Nilitamani kuibusu ile simu.

Afisa akavua miwani, ikaning'inia. Akasema hivi, na mzee akatafsiri: waliita familia kwa sababu ya tarehe tu. Walidhani wao ndio waliokosea kuandika. Mtoto kulelewa na ndugu wa mama yake si kosa, wanayo njia yake, ni karatasi moja ya ziada. "Lakini," afisa akaendelea, "huyu mtoto ameniambia umemzaa wewe. Nimemuuliza kwa njia tatu. Nimemuuliza kama ana mama mwingine, akasema hajawahi kuwa naye. Nani amemfundisha?"

"Mimi," wifi akasema. Machozi yalikuwa yanadondoka kwenye gauni na hakuyafuta. "Niliogopa mtamchukua."

"Hakuna anayemchukua. Lakini hilo la kufundishwa lazima niliandike." Akaandika. Namba ya wifi na ya wale wawili zingetoka wiki hiyo hiyo. Ya Chiriku ingengoja. Mtu wa ustawi wa jamii atakuja nyumbani, aone anapolala, azungumze naye, na ataendelea kukaa na mama yake mdogo kama kawaida. Wifi akauliza mara mbili hilo la kuendelea kukaa, na mara zote mbili akajibiwa ndiyo.

Kisha afisa, kwa wema wake, akamwita Chiriku arudi. Akainama usawa wa uso wake, na sauti ya simu ikasema, "Usiogope tena. Mama yako mdogo ametuambia kwamba siye aliyekuzaa. Sasa na wewe unaweza kusema kweli."

Chiriku akamtazama wifi. Yule mtoto ambaye hanyamazi hata akiwa na maji mdomoni alitazama tu.

Tulitoka nje juani. Miguu yangu ilikuwa nyepesi, nilikuwa nasema ovyo kwa furaha, nikimlaani Redio na ukoo wake, nikiwaahidi watoto soda. Wifi alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. Akainama amkumbatie Chiriku pale pale kando ya barabara.

Chiriku akarudi nyuma hatua moja.

"Mimi nilisema umenizaa," akasema. "Waliniuliza na kuniuliza. Nikasema hata mama yangu yule sikuwahi kuwa naye. Mimi sikukukana."

"Mwanangu, sikiliza..."

"Mbona wewe umenikana?"

Wifi akabaki amenyoosha mikono. Magari yalikuwa yanapita. Kisha Chiriku akazunguka, akaja upande wangu, akaushika mkono wangu kwa nguvu, tukaanza kutembea kuelekea kituoni. Wifi alikuwa anatufuata kwa nyuma, anamwita kwa jina lake lile la cheti cha kuzaliwa, na mtoto hakugeuka.